Mkazo Kwenye Boila ya Baba

Siku niliyoanza kumwogopea baba yangu ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi, na nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya kompyuta ya chuo. Nje jua liliwaka. Wanafunzi wawili nyuma yangu walikuwa wakibishana juu ya mpira. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na mchoro wa boila, pipa kubwa la chuma lililolala ubavu, na sehemu ya chini ya pipa hilo ilikuwa imegeuka nyekundu. Wakati huohuo Baba alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwenye boila yenyewe, kule viwandani chini ya mtaa wa Bugolobi, Kampala. Alikuwa ameiwasha tangu saa kumi na mbili.

Sisi ni watu wa Kenya, upande wa magharibi. Baba alivuka mpaka kuingia Uganda miaka michache baada ya vita vya huko vya mwaka wa themanini na sita, alipoambiwa na mtu wa kanisani kwao kwamba kuna kiwanda cha sabuni Kampala kinachofufuliwa, na kinatafuta mtu anayejua mambo ya mvuke. Kazi hiyo alikuwa ameisomea kwa mikono yake kwenye kiwanda cha sukari nyumbani. Mimi na Mama tulimfuata mwaka uliofuata. Tukapanga Nakawa, chumba na sebule, na Mama akaanza kushona sare za shule. Baba na Mama hawakuwa kabila moja, kwa hiyo nyumbani tulisema Kiswahili, na majirani zetu, wengi wao familia za askari kutoka kaskazini, nao walisema Kiswahili. Kwa hiyo mimi nilikulia katika mji wa watu wa lugha nyingine nikiwa na lugha yangu hii, ambayo wenye mji walikuwa wakiihusisha na bunduki.

Pale kiwandani Baba alijulikana kama Mzee wa Boila. Mvuke wake ndio uliopika mafuta na magadi kwenye masufuria makubwa kama vyumba. Mvuke ukikosekana, hakuna sabuni, na watu zaidi ya mia wanakaa kwenye vivuli vya kuta wakingoja. Baba alijua uzito huo na aliupenda. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye sauti ndogo, na nyumbani aliniita "mama" kama baba wengi wa kwetu wanavyowaita mabinti zao.

Mwaka wa mwisho wa chuo kila mwanafunzi wa uhandisi alitakiwa kufanya kazi yake mwenyewe. Nilichagua boila ya Baba. Nilitaka kuichora kwenye kompyuta na kupima mkazo ndani ya chuma chake, yaani nguvu ambayo chuma kinabeba pale mvuke unapokisukuma kutoka ndani.

Njia yenyewe si ngumu kuieleza. Kitu kikubwa huwezi kukijua chote kwa mpigo, kwa hiyo unakigawa kwenye kompyuta vipande vidogo vidogo, maelfu, kama mtu anayekivalisha wavu. Kila kipande kinaulizwa: jirani zako wanakuvuta kiasi gani, na wewe unawavuta kiasi gani? Kompyuta inapiga hesabu za vipande vyote kwa pamoja halafu inakujibu kwa rangi. Bluu maana yake chuma kimetulia. Kijani, njano, chungwa, mkazo unapanda. Nyekundu ni mahali ambapo chuma kikivutwa zaidi hakitarudi kama kilivyokuwa.

Mara ya kwanza boila yote ilitoka bluu. Nilifurahi. Nikampelekea mwalimu wangu karatasi, mzee mmoja wa Kiganda aliyevaa sweta hata wakati wa joto. Akaitazama kidogo tu.

"Unene wa chuma umeupata wapi?"

"Umeandikwa kwenye kibati cha boila, sebo," nikajibu, kwa kuwa Waganda humwita hivyo mwanamume wa kuheshimiwa, na mwanamke humwita nyabo.

"Huo ni unene wa siku ilipotoka kiwandani. Boila ya baba yako ni mpya?"

Haikuwa mpya. Ilikuwa na umri mkubwa kuliko mimi. Wakati wa vita kiwanda kilikuwa kimeachwa wazi, na waporaji waliingia na mitungi ya gesi wakakata bomba zote za shaba zilizoshikamana na boila. Kiwanda kilipofufuliwa, tundu waliloacha lilizibwa kwa kiraka cha chuma. Hayo nilikuwa nimeyasikia nyumbani kama hadithi, wala sikuwahi kuyafikiria kama hesabu.

Mwalimu akaniazima kifaa cha kupima unene. Unakiweka juu ya chuma, kinapeleka sauti ndani, sauti inagonga upande wa pili na kurudi, na unasoma ni milimita ngapi. Jumapili, baada ya ibada, Baba akanichukua kwenda kiwandani. Boila ilikuwa imezimwa na kupoa. Mlinzi wa getini, mwanajeshi wa zamani kutoka kaskazini, alikitazama kile kifaa kwenye mkoba wangu.

"Hii ni nini, dada?"

"Cha kupima unene wa chuma, afande."

"Haya. Pita na muzee yako. Lakini usipige picha, bosi hapana penda."

Baba alinitandikia gunia chini ya boila nikalala chali. Yeye akashika tochi. Alinionyesha kiraka cha chini, karibu na bomba la kutolea matope, akaniambia nipime hapo vizuri. Nilipima. Namba zilikuwa ndogo kuliko nilivyotarajia, na mahali pamoja karibu na kiraka chuma kilikuwa kimebaki kama nusu ya unene wa kibatini. Nilizisoma kwa sauti na Baba akaziandika kwenye daftari langu.

Nilipotoka chini nikauliza, "Na huku juu?" Sehemu ya juu na ubavu wa upande wa moto, pale Baba husimama kuiwasha, vilikuwa vimefunikwa kwa plasta nene nyeupe ya kuzuia joto lisipotee.

"Hapo kuna plasta," Baba akasema. "Ukiivunja, nani ataitengeneza kabla ya kesho? Kutu hukaa chini, mama, kwenye maji na matope. Juu ni mvuke mtupu."

Ilikuwa sababu nzuri. Hata mwalimu wangu aliikubali. Kwa hiyo upande wa juu niliuachia unene wa kibati.

Namba hizo ndizo zilizonitolea wekundu wa Jumatano. Nakumbuka nilivyoinuka, nikatoka nje, nikashika ukuta. Kisha nikarudi na kufanya kama tulivyofundishwa: mahali palipotia wasiwasi nikapagawanya vipande vidogo zaidi ili jibu liwe sahihi zaidi. Mkazo ukapanda. Nikapagawanya tena. Ukapanda tena. Kila nilivyotazama kwa karibu, hali ilizidi kuwa mbaya, na hakukuwa na dalili kwamba ingefika mahali ikasimama.

Nilimkimbilia mwalimu. Alivaa miwani, akainama kwenye kompyuta, akanionyesha kwa kidole ncha ya kiraka.

"Hapa umechora pembe kali kama ya kisu. Kwenye pembe kama hiyo, hesabu itapanda mpaka mwisho wa dunia. Si chuma kinachosema hivyo, ni mchoro wako. Kompyuta inakujibu ulichouliza, nyabo, haikujibu ulichotaka kuuliza."

"Kwa hiyo hakuna hatari?"

"Sikusema hivyo. Nimesema bado hujui."

Nadhani hilo ndilo neno lililoniogopesha kuliko wekundu wenyewe. Nilirudia mchoro, nikaifanya ile pembe kuwa ya mviringo kama mshono wa kuchomelea unavyokuwa kweli. Hesabu moja ilichukua karibu saa tatu, na siku hizo umeme ulikuwa ukikatika bila taarifa. Mara mbili kioo kilizimika hesabu ikikaribia mwisho, nami nikabaki natazama uso wangu kwenye kioo cheusi huku nikijua kwamba saa hiyohiyo Baba anafungua valvu. Jibu lilipotoka, wekundu ulikuwa umepungua ukawa chungwa lililoiva. Chuma kilikuwa karibu mno na kikomo, ingawa hakijakivuka. Na jibu hilo lilitegemea namba zangu nilizosoma nikiwa nimelala juu ya gunia, nikimulikiwa tochi.

Jioni ile nilimwambia Baba. Tulikuwa tunakula, Mama alikuwa amepika ugali na sukuma. Nilieleza polepole, nikatandaza karatasi mezani kando ya bakuli.

Baba aliitazama kwa muda mrefu. "Hii rangi inatoka wapi?"

"Kompyuta inaiweka kulingana na mkazo."

"Kompyuta imewahi kufika kiwandani?"

"Baba."

"Nauliza tu. Mimi nimeisikiliza boila ile miaka mingi. Ikikohoa najua. Ikiwa na njaa ya maji najua. Wewe umeipima Jumapili moja." Alikunja karatasi akanirudishia, kwa upole, kama mtu anayerudisha kitu alichookota. "Maliza masomo yako, mama. Hiyo ni kazi ya shule."

Kesho yake asubuhi, Baba alipovaa ovaroli, Mama alimfuata mpaka mlangoni, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya, akasimama pale mpaka Baba alipopinda kona.

Wiki zilizofuata niliishi na hofu kama mtu anavyoishi na mgonjwa ndani ya nyumba. Nilijua boila ikipasuka inafanya nini. Maji yaliyomo ni ya moto kupita kiasi cha kuchemka, na yanabaki maji kwa sababu tu chuma kimeyabana. Chuma kikiachia, yote yanataka kuwa mvuke kwa mara moja. Ukuta wa chumba cha boila haungekuwa kitu. Upande wa pili wa ukuta ule wanawake walikuwa wakipanga miche ya sabuni kwenye maboksi.

Nilikuwa nikiamka na kitu cha kwanza kutazama kupitia uwazi wa nyumba zetu ni bomba la moshi la kiwanda. Moshi ukipanda, nilipumua. Asubuhi moja haukupanda. Nilingoja kidogo, nikasikia mlio mzito kutoka upande wa viwanda, kama mlango mkubwa umefungwa kwa hasira. Nilitoka na ndala moja mguuni. Nilimsimamisha mtu wa bodaboda, nikamwambia kimbia, na njia nzima nilikuwa nikisema kwa sauti maneno ambayo hata mimi sikuyaelewa, mpaka akaniuliza kama nimefiwa.

Getini mlinzi alikuwa anakunywa chai.

"Dada, mbona iko kama umeona sheitani?"

"Baba yuko wapi? Moshi hakuna."

"Mafuta ya boila imeisha. Wanangojea lori. Muzee iko hapo nyuma, nafua ovaroli yake."

"Na ule mlio?"

"Kontena. Wale jirani wameangusha kontena." Akanisogezea benchi. "Kaa kwanza."

Nilikaa. Nilimwona Baba kwa mbali, amekunja mikono ya shati, anasuuza nguo kwenye ndoo. Sikumwita. Nilimaliza chai aliyonipa yule mlinzi, nikamwambia yote: kiraka, namba, rangi. Sijui kwa nini nilimwambia yeye. Labda kwa sababu na yeye kibanda chake kilikuwa hatua thelathini kutoka kwenye boila.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Mimi nimekaa jeshini," akasema. "Kitu kama inaweza kulipuka, hapana uliza mtu ambaye naipenda. Uliza mukubwa."

Mkubwa ni meneja, mtu wa makamo aliyekuwa amekikuta kiwanda kile kikiwa magofu yaliyoota nyasi na akakisimamisha tena. Nilikwenda kumwona siku iliyofuata bila kumwambia Baba, na huo ulikuwa woga wa namna nyingine. Nilijua nikikosea nitakuwa nimemwaibisha Baba mbele ya mwajiri wake. Na nikipatia nitakuwa nimemfanyia hivyohivyo.

Meneja alinipokea vizuri. Alizikagua karatasi zangu moja moja.

"Baba yako anajua umekuja?"

"Hapana, sebo."

"Anasemaje yeye?"

"Anasema ni salama."

"Sasa nimwamini nani? Mtu aliyeiwasha boila hii tangu siku ya kwanza, au wewe?"

Mwalimu alikuwa amenipa jibu la swali hilo. Nilimwambia asituamini sote wawili. Ajaze boila maji baridi mpaka juu kabisa, pasibaki hewa, kisha maji yasukumwe kwa pampu ya mkono mpaka presha ipite ile ya kazi kwa nusu yake. Maji baridi hayana hasira ya mvuke. Chuma kikishindwa, yatatiririka tu, hakuna atakayekufa. Chuma kikivumilia, basi mimi nimekosea, na nitakuja kumwomba Baba msamaha mbele ya meneja mwenyewe.

Alichezesha kalamu. Kisha akasema, "Jumamosi."

Nilimwambia Baba mwenyewe jioni hiyo, kabla hajaambiwa na mtu mwingine. Nilitarajia agombe. Hakugomba. Aliuliza tu, "Watasukuma mpaka wapi kwenye geji?" Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi mpaka Mama alipomwita kula, na hakula.

Jumamosi kulikuwa na watu sita kwenye chumba cha boila: mimi, Baba, meneja, mwalimu wangu na sweta lake, na mafundi wawili wa pampu. Boila ilikuwa imejazwa tangu alfajiri. Kwenye ubaridi ule ilionekana kama mnyama aliyekufa. Mafundi walianza kusukuma mpini wa pampu, chini, juu, chini, juu, na mshale wa geji ukaanza kupanda kidogo kidogo.

Sote tulikuwa tumechuchumaa tukitazama kile kiraka cha chini. Nilikuwa nimekikausha kwa kitambaa ili tone la kwanza lionekane. Mshale ulifika presha ya kazi ya kila siku. Pakavu. Ukapita. Pakavu. Fundi mmoja akatema mate na kusema hii boila ni ngumu kuliko kichwa cha mtu. Meneja alinitazama. Nilihisi masikio yangu yakiungua, na wakati huohuo, Mungu anisamehe, nilikuwa nafurahi. Nilikuwa tayari kupiga magoti na kumwomba Baba radhi.

Nikageuka kumtafuta.

Baba hakuwa amechuchumaa nasi. Alikuwa amesimama peke yake upande wa moto, mahali pale pale aliposimama kila siku ya kazi yake, na hakuwa anatazama geji wala kiraka cha chini. Alikuwa ameinua uso, anatazama plasta nyeupe, juu kidogo ya kichwa chake. Midomo yake ilikuwa inatembea. Niliwahi kumwona akiomba, lakini siyo hivyo.

"Baba?"

Mpini wa pampu ukashuka mara moja zaidi, na ile plasta ikabadilika rangi. Kwanza alama ndogo ya kijivu, kama mtu ameishika kwa kidole kilicholowa. Alama ikapanuka. Kisha plasta ikapasuka na maji yakatoka kwenye mstari mwembamba, mrefu, yakampiga Baba kifuani. Hakusogea.

"Simamisha!" mwalimu akapaza sauti. "Simamisha pampu!"

Mshale ulianguka. Maji yakaendelea kutiririka kwenye plasta na kwenye ovaroli ya Baba.

Mafundi waliibandua plasta kwa nyundo. Chini yake palikuwa na kiraka kingine, kikubwa kama sinia, ambacho hakikuwa kwenye mchoro wowote. Mshono wake ulikuwa na ufa wa urefu wa shubiri. Mwalimu aliumulika kwa tochi, akaukwaruza kwa kisu cha mfukoni, akanionyesha ncha ya kisu. Ilikuwa na kutu nyeusi, ya zamani. Ufa ule haukuwa wa siku hiyo, wala wa mwaka huo. Kila asubuhi mvuke ulikuwa umeuvuta, na kila jioni umeuachia, na ulikuwa ukitembea.

Kwenye kompyuta yangu, mahali hapo palikuwa bluu kuliko pote.

"Nani alijua kuhusu hiki?" meneja akauliza.

"Mimi," Baba akasema.

Alieleza akiwa bado amelowa. Mwaka ule wa kwanza, kiwanda kilipokuwa kinasubiri kuwashwa, waporaji walikuwa wameacha matundu mawili, siyo moja. La chini lilizibwa vizuri na fundi wa kweli. La juu lilibaki mpaka siku ya mwisho, na fundi alikuwa ameshaondoka. Baba aliliziba mwenyewe. Alikuwa amejifunza kuchomelea kwa kuangalia. Mshono haukumridhisha, lakini wageni walikuwa wamealikwa kuja kuona mvuke wa kwanza, na yeye alikuwa mgeni katika nchi hii, na kazi hii ndiyo ingemwita mke wake na mtoto wake kutoka nyumbani.

"Nilisema iko tayari," Baba akasema. "Nikapaka plasta. Nikasema nitaitengeneza mwaka ukiisha. Mwaka ukaisha nikaogopa kusema kwa nini sikusema. Tangu hapo ni hivyo hivyo."

"Na ulikuwa unasimama hapo hapo kila siku?" mwalimu akauliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kujibiwa.

"Ningesimama wapi? Kama ingepasuka, nilitaka ianze na mimi."

Nilianza kulia, na nilikuwa na hasira kuliko huzuni. Nilitaka kumwambia kwamba isingeanza na yeye na kuishia kwake, kwamba kulikuwa na wanawake nyuma ya ukuta. Alijua. Nilimwona anavyoutazama ukuta ule.

Nilingoja meneja amfukuze. Alikuwa amekaa juu ya dumu lililopinduliwa, ameshika kichwa. Mwishowe akasema, "Wageni wale niliwaalika mimi. Na siku tatu kabla yake nilikuja hapa kila saa nikakwambia fanya haraka. Unakumbuka, Mzee?"

"Nakumbuka, sebo."

"Mimi nilikuwa nimesahau mpaka sasa hivi."

Boila haikuwashwa tena. Kiwanda kilikaa wiki saba bila mvuke, watu wakarudishwa majumbani, na wengi wao walijua ni nani aliyeleta habari ya kupima. Sokoni Nakawa mwanamke mmoja wa idara ya kufungasha alinisimamisha kati ya marundo ya nyanya. Nilimfahamu; alikuwa akifanya kazi karibu kabisa na ule ukuta wa boila, na kama Waganda wengi alitamka r penye l.

"Ni wewe umefunga kazi yetu? Hiyo kompyuta yako itarisha watoto wangu?"

Nilitaka kumweleza juu ya ufa. Nilianza. Akanikatiza: "Kwani iripasuka?" Haikupasuka. Hofu ambayo haikutimia haina cha kuonyesha, na mpaka leo sijui namna nzuri ya kumjibu mtu kama yule. Aliniacha nimesimama pale.

Nilirudi chuoni na kukiingiza kiraka cha pili kwenye mchoro, na ufa wake. Ilinichukua siku nne kupata ujasiri wa kubonyeza kitufe cha mwisho. Wekundu ulitokea mahali penyewe, mwembamba, mrefu, na nilipohesabu ni mara ngapi zaidi boila ingeweza kuwashwa na kuzimwa kabla ufa haujafika urefu wa hatari, nilipata jibu ambalo sikumwonyesha Mama. Mwalimu alilisoma, akavua miwani, akasema tu kwamba ni vizuri tulifanya Jumamosi ile. Wakati wa kujieleza mbele ya watahini, mmoja aliniuliza kama kwa hiyo njia yangu ilishindwa. Nikasema ndiyo: mahali nilipoonyesha hatari palivumilia, na mahali nilipoonyesha usalama palipasuka. Walinipitisha. Sikujivunia.

Boila nyingine ililetwa, ndogo zaidi. Meneja alimtaka Baba aiwashe, na Baba akakubali kwa sharti kwamba mtu mwingine aandike daftari la ukaguzi, na kwamba mtu huyo asiwe chini yake. Aliifanya kazi hiyo miaka mitatu. Mwanzoni alichelewa sana kuwasha, akikagua kila mshono mara mbili, yule mlinzi ndiye aliyeniambia, na vijana walifikiri ni uzee.

Kisha akaamua kurudi nyumbani kulima. Mama alitangulia. Siku ya safari ya Baba nilimsindikiza mpaka kituo cha basi la kwenda mpakani. Tulikuwa tumefika mapema, tukakaa juu ya mizigo yake, na nikamuuliza jambo ambalo lilikuwa limenikaa rohoni tangu nilipokuwa mwanafunzi.

"Jumapili ile ya kupima. Ungeweza kukataa nisije kabisa. Mbona ulinipeleka?"

Alifikiri. Kondakta alikuwa anapiga kelele za majina ya miji, na Baba alingoja mpaka akasogea mbali.

"Nilitaka uione ile kasoro ya juu. Usiku wa kuamkia Jumapili ile nilijiambia, ataiona mwenyewe, nami sitalazimika kusema."

"Lakini niliuliza kuhusu juu, ukaniambia ni mvuke mtupu."

"Ndiyo." Alishika mkono wangu, akaugeuza kiganja juu, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo na mwiba umenichoma. "Ulipouliza, niliogopa kwamba utaiona."

Basi lilikuwa limewasha injini. Nilimsaidia kupandisha mizigo.